Kesi ya Kunguru na Kitumbua

Paukwa!

Haya, itikieni: Pakawa! Sogezeni mkeka huku kivulini. Aliyekalia ndala yangu ainuke. Leo nina kisa cha hapa hapa Chamazi, uani kwangu.

Juzi Jumamosi asubuhi alikuja mpwa wangu. Ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Nyuma yake alikuwa mdogo wake wa miaka minne, kashika pindo la gauni la dada yake kama mkia. Mpwa wangu akasema, "Shikamoo, mjomba," lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyemeza mbegu ya ubuyu.

"Marahaba, mama. Nani kakuonea?"

Akanipa karatasi. Maneno yamepangwa moja chini ya jingine, marefu kama foleni ya Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni. Metaphor. Hyperbole. Euphemism. Onomatopoeia. Chini kabisa yapo mengine ambayo hata si ya Kiingereza: ad hominem, non sequitur. Jumatano darasa lao lina dibeti, mada ni elimu na fedha, kipi bora. Mwalimu kasema atakayesimama aonyeshe kwamba ameyaelewa maneno yale.

"Mjomba, miaka saba nimesoma kwa Kiswahili. Sasa kila somo Kiingereza. Na haya nayo, yametoka wapi?"

Swali tamu hilo! Watoto wengi huuliza, "Yatatoka kwenye mtihani?" Wachache huuliza yametoka wapi. Anayeuliza hivyo ana akili ya mwenye nyumba. Akibishiwa hodi, anataka kwanza kujua mgeni katoka wapi.

Nikamwambia, "Mama, usiogope. Kitu unacho. Jina ndilo huna."

Hakuniamini. Nilimwona usoni. Basi nikavaa kofia, nikamwambia twende kituoni. Mdogo wake tukamwachia kazi kubwa. Mke wangu huuza vitumbua asubuhi, na siku hiyo vilikuwa vimebaki kumi kwenye beseni, vimefunikwa kwa kawa. "Wewe ndiye askari," nikamwambia mtoto. "Kunguru asiguse." Akasimama wima, tumbo mbele. Tukaondoka.

Kituoni daladala ikaja, konda ananing'inia mlangoni.

"Rangi Tatu, Rangi Tatu, Rangi Tatu! Gari tupu hilo! Siti kibao!"

Ndani, jamani! Mama kambeba mtoto, mtoto kabeba begi, begi limebeba sufuria. Kuna mzee kasimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili haukupata pa kutua.

"Gari tupu kweli?" nikamwuliza mpwa wangu.

"Halina hata pa kuweka kidole!"

"Basi konda kafanya nini?"

"Kadanganya."

"Nani kadanganyika?"

Akawatazama watu kituoni. Wote walikuwa wanacheka. Hakuna aliyedanganyika. Konda anajua limejaa, abiria wanajua limejaa, na konda anajua kwamba wanajua.

"Sasa uongo usiomdanganya mtu, bibi yako anauitaje?"

"Kupiga chuku!"

Umeona? Kitu unacho. Vitabu vya Kiswahili vinaiita mubalagha. Waingereza wanasema hyperbole, na wao waliitoa kwa Wagiriki. Kwa Mgiriki maana yake ni kutupa kitu kikapita mbali. Wewe ukililenga embe kwa jiwe, jiwe likapita juu ya mwembe likaangukia kwa jirani, hiyo ndiyo hyperbole. Konda alilenga "nafasi ipo." Jiwe likaangukia "gari tupu."

"Na kusema Rangi Tatu mara tatu?"

Ninampenda mtoto huyu. Sikuwa nimemwuliza hilo. Hiyo ni takriri, kurudia neno ili likae. Na ufundi wote wa namna hii, wa kusema neno mpaka limguse msikilizaji, vitabu vinauita balagha. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kufika. Ndiyo maana kubalehe ni ndugu yake, kufikia utu uzima. Konda wa Chamazi hajasoma balagha popote, lakini neno lake linafika. Gari likajaa zaidi ya lilivyojaa.

Tukiwa bado pale, ikapita kirikuu. Juu kuna kitanda, godoro, jiko la mkaa, ndoo tatu, na kijana kalala juu ya godoro kama sultani.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanahama, mjomba."

"Basi hiyo ndiyo metaphor."

Akanikazia macho. Nami nikamweleza, kwa sababu hapa pana utamu wangu mwenyewe. Neno metaphor ni la Kigiriki, maana yake kubeba kitu huku kukipeleka kule. Hadi leo huko Ugiriki, magari ya kuhamishia vyombo huandikwa ubavuni neno hilo hilo, kwa herufi za kwao. Ukisema, "Jirani yetu ni simba," umefanya nini? Umeenda porini, umepakia ukali wa simba kwenye kirikuu, umeushusha uani kwa jirani. Kazi imekwisha, kirikuu kinarudi.

Waarabu nao waliona jambo lile lile. Lakini hawakuona gari. Waliona mtu anabisha hodi kwa jirani kuazima chungu. Wakaliita kuazima, na kutokana na neno lao hilo sisi tukapata sitiari.

"Mjomba, nani kapatia?"

Hebu msikieni! Mimi huyo nimesoma sitiari tangu utoto, sikuwahi kuuliza hilo. Nikafikiri mpaka konda akadhani nataka siti. Mimi namchagua Mwarabu. Kirikuu kikishahama, nyumba ya kwanza inabaki tupu. Lakini simba hapungukiwi. Ukali wake umeuazima kwa dakika moja, kisha amebaki nao wote, anakoroma zake porini. Ila mwenye kirikuu asinisikie.

Tukarudi taratibu. Njiani tukamaliza mengine mawili. Euphemism ni kusema vyema, nasi tunaiita tafsida. Mgeni akila kwako hakuulizi choo kiko wapi. Anauliza maliwato. Mahali ni pale pale, lakini wali bado unashuka vizuri. Na onomatopoeia je? Lina herufi 12 na sura ya kutisha, kumbe kazi yake ni ya kitoto. Maana yake kutunga jina. Embe likianguka, pu! Jiwe likiingia majini, chubwi! Ile inayopita pale na abiria wawili na mbuzi mmoja, piki-piki-piki, jina lake nani? Kwa Kiswahili tunaiita tanakali sauti. Mpwa wangu akaanza kucheka, akawa anaita kila kitu kwa mlio wake hadi tukafika kwenye kibanda cha maji. Pale akanyamaza. Nikajua swali linakuja.

"Mjomba, kwa hiyo Wazungu ndio waliojua haya kwanza, sisi tukafuata?"

Kaeni vizuri hapa, maana sikulijibu haraka haraka.

Mnajua vilima vya Pugu, si mbali sana na huku kwetu. Pale Pugu palikuwa na mwalimu, jina lake Julius Nyerere. Alikuwa amerudi mwaka 1952 kutoka masomoni Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ili apiganie uhuru. Hilo mnalijua. Sasa hili: alipokuwa kiongozi wa nchi, na kazi za nchi nzima zikiwa mabegani, alikaa akatafsiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar. Ulichapishwa mwaka 1963. Bado hakuridhika. Akaurudia, akaupiga msasa, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa na mwingine, Mabepari wa Venisi.

"Kwa nini aurudie? Si ulikuwa umeshachapishwa?"

Bibi yako akisuka mkeka, akaona ukili mmoja umepinda, hufanya nini? Hufumua.

Na ndani ya mchezo ule kuna mtego mmoja, nataka muuone kwa karibu. Kaisari ameuawa. Brutus ni mmoja wa waliomwua. Rafiki wa marehemu, Mark Antony, anaruhusiwa kuhutubia umati, kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Sasa utafanyaje, umefungwa mdomo hivyo? Antony anamsifu Brutus. Anamwita mtu wa heshima. Anasimulia wema wa marehemu, kisha anamsifu Brutus. Anaonyesha machozi ya maskini, kisha anamsifu Brutus. Kila mara sifa inachuja kidogo, kama kanga inayofuliwa na kuanikwa juani kila siku. Mwishowe umati unasikia "heshima" na kuelewa kinyume chake. Sharti hakulivunja. Neno moja tu limegeuzwa nje ndani kama shati.

"Hiyo kejeli!" akasema mpwa wangu. "Mama akiniambia 'hongera sana' nikivunja sahani."

Naam! Kitu unacho. Mwalimu Nyerere naye alijua kitu hicho tunacho. Ndiyo maana alikaa na Kiswahili chake akatafuta namna Mtanzania angesema maneno yale mbele ya umati. Hakuona kwamba vyombo vya kazi hiyo havipo kwetu.

Tukaingia uani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kawa limefunuliwa. Vitumbua vilikuwa kumi. Sasa ni tisa. Juu ya ukuta kunguru katulia, anatutazama kwa jicho moja. Askari wetu haonekani.

"Kunguru!" akapiga kelele mpwa wangu.

Nikamwambia, "Ngoja. Hajahukumiwa." Na kwa kuwa maneno ya chini ya karatasi yalikuwa bado, nikaketi, nikafungua kesi. Hakimu nikamweka mbuzi, kwa sababu ana ndevu. Mshitaki ni bata, kwa sababu hanyamazi. Mshitakiwa yuko ukutani. Kabla hajasema, jueni kwamba hoja zinaweza kuoza kama samaki, na kila uozo una harufu yake. Mgiriki mmoja, Aristotle, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alikaa akahesabu aina za hoja mbovu akapata 13. Kunguru wetu siku hiyo alitoa hoja mbovu tano tu. Alikuwa hajanywa chai.

Bata akasema, "Kitumbua kimepotea, na wewe ulikuwa hapa."

Kunguru akajikohoza. "Nani ananishitaki? Bata? Mtazameni miguu yake! Matope mpaka magotini!"

Wanyama wote wakaangalia miguu ya bata. Kweli ina matope.

"Mama," nikamwuliza mpwa wangu, "matope ya bata yamekula kitumbua?"

"Hayajala."

Basi hiyo ndiyo ad hominem. Kilatini hicho, maana yake kumwendea mtu. Hoja imekaa hapa, wewe unaiacha, unamrukia mwenye hoja. Na Jumatano mwenzako akikufanyia hivyo, usimtupie Kilatini. Utaonekana unaringa, na darasa litamhurumia yeye. Mwulize tu kwa upole: matope yamekula kitumbua?

Kunguru akaona imeshindikana. Akaanza kulia. "Kumbe mnataka kunguru tusile kabisa! Mnataka watoto wetu wafe na njaa!"

"Nani kasema hivyo?" mpwa wangu akaruka. "Bata kauliza kitumbua kimoja tu!"

Umemkamata, tena kabla sijasema. Mwenye shamba la mpunga huweka mtu wa majani, kamvalisha shati kuukuu. Ndege mwoga hapigani na mwenye shamba, kwa sababu mwenye shamba ana manati. Anapigana na mtu wa majani, anamwangusha, kisha anajisifu. Kunguru kaacha alichosema bata, katengeneza bata wa majani, anampiga huyo. Waingereza nao wanamwita mtu wa majani, straw man. Safari hii wamefanana na sisi bila kuazimana.

Kunguru akabadili sauti. Akanong'ona, "Jamani, mmesikia paka alivyolia jana usiku juu ya bati? Alikuwa na nani?"

Basi kila mtu akamgeukia paka! Kuku akacheka. Hakimu mwenyewe akasahau kesi. Hata mimi, niseme kweli, nilitaka kujua.

Hii naipenda. Waingereza wanaiita samaki mwekundu. Mwandishi wao, William Cobbett, mwaka 1807 alisimulia kwamba utotoni alimburuta njiani samaki aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mwekundu. Mbwa waliokuwa wakimfukuza sungura wakanusa ile harufu, wakamsahau sungura, wakafuata samaki. Sasa wewe pita Rangi Tatu sokoni, pale kwa wauza ng'onda na papa mkavu. Unaweza kukumbuka ulitumwa nini? Basi paka wa juu ya bati ndiye ng'onda wa Kunguru.

Mpwa wangu akampigia hakimu makofi. "Mheshimiwa, turudi kwenye kitumbua!"

Kunguru akatanua mbawa. "Sawa. Lakini mkumbuke, juzi nililia juu ya ukuta huu, na mvua ikanyesha. Mkinifukuza, nani atawaletea mvua?"

Hapo wanyama wakaogopa. Hata mpwa wangu akasita.

"Mjomba, lakini ni kweli mvua ilinyesha."

Ilinyesha. Na kunguru alilia. Ila ngoja nikuulize la mpira. Timu ya Azam, wenye uwanja hapa kwetu, Azam Complex, msimu wa 2013/14 walichukua ubingwa bila kupoteza mchezo wa ligi hata mmoja. Mechi 26! Sasa chukulia kulikuwa na mtoto hapa Chamazi aliyevaa soksi ile ile kila mechi. Soksi ya kushoto, yenye tundu. Msimu mzima, soksi mguuni, Azam hawafungwi. Si atasema soksi ndiyo iliyocheza?

"Soksi haikucheza!"

"Lakini ilivaliwa kwanza, ushindi ukafuata."

Akafikiri. Mimi napenda kumwona mtoto anafikiri, hata pua husimama kidogo. Akasema, "Angeivua mara moja, tuone."

Jamani! Nilitaka kumpa kitumbua hapo hapo. Wanasayansi wenye nywele nyeupe hufanya hivyo hivyo: vua soksi, tazama. Jambo kuja nyuma ya jingine hakulifanyi kuwa mtoto wake.

Kunguru hoja zikamwishia. Akasema la mwisho, haraka haraka: "Mimi ni mweusi. Kitumbua ni cha kahawia. Basi sikukila!"

Kimya. Bata akamtazama kuku. Kuku akamtazama mbuzi.

Non sequitur, watoto. Haifuati. Mmeona kuku akitembea, vifaranga nyuma, mmoja, wawili, watatu, kisha mwishoni yuko kifaranga wa bata? Katoka wapi huyo? Kanyooka kwenye mstari kama wenzake, lakini si wa mama yule. "Basi sikukila" ya Kunguru ndiye yule kifaranga wa bata.

Hakimu akatikisa ndevu. "Hoja zake zote tano zimeoza. Basi huyu ndiye mwizi!"

"Mwizi!" wakapiga kelele wanyama.

"Mwizi!" akapiga kelele mpwa wangu, kuliko wote.

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimeona kitu nyuma ya simtanki. Nikamshika mkono, tukaenda polepole. Askari wetu alikuwa amechuchumaa pale. Midomo inang'aa mafuta. Shavuni kuna punje ya sukari. Mkononi kuna kipande cha mwisho, ukubwa wa jino.

"Nilikuwa nakificha," akasema, "kunguru asikione."

Mpwa wangu akageuka, akamtazama kunguru ukutani. Kisha akanitazama mimi.

"Mjomba. Alijitetea vibaya kila mahali."

"Kila mahali."

"Lakini alisema hakukila. Na kweli hakukila."

"Kweli hakukila."

"Kwa hiyo mtu anaweza kutoa hoja zilizooza, na bado anachosema kikawa kweli? Na sisi tukisema amekosea kwa kuwa hoja zake zimeoza, tumekosea sisi?"

Nikavua kofia. Karatasi ya mwalimu haikuwa na hilo.

"Hiyo nayo ina jina?" akauliza.

"Ina. Lakini kitu unacho."

Tukarudi uani kumwomba kunguru radhi. Mbuzi alinyanyuka, bata akainamisha kichwa, mpwa wangu akaanza, "Bwana Kunguru, samahani sana, tulikuhukumu kabla ya..."

Kunguru akashuka kutoka ukutani, akatua kwenye beseni, akachukua kitumbua kimoja kwa mdomo, akaruka nacho juu ya bati la jirani.

Hicho cha pili alikichukua yeye. Hapo sikuhitaji hoja. Tulimwona wote.